Kuitambua Dhahabu na Historia Yake

Husemwa kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Methali hii hutumiwa aghalabu kumwonya kijana asihadaike na sura ya mtu wala na utamu wa maneno, na kwa matumizi hayo imekuwa mali ya kila darasa. Lakini tukiivua vazi lake la fumbo, inaturudisha penye jambo la kawaida kabisa: mtu yuko shambani, au kando ya mto, au juu ya magofu ya mji uliohamwa; ameinama, ameokota kitu cha manjano, moyo unamwenda mbio, naye anataka kujua. Methali humshauri asifanye haraka. Haimfundishi la kufanya baada ya hapo.

Katika makala haya tunakusudia kuyaeleza maswali mawili yampasayo mtu huyo. La kwanza: je, kitu hiki ni dhahabu? La pili: je, kitu hiki kinatuambia nini, na ni ushuhuda wa nani? Swali la kwanza ni la sonara na mchimbaji, na majibu yake yamejulikana tangu kale. La pili ni la taifa zima. Nalo, kama tutakavyoonyesha, limesahauliwa mara nyingi, na kila liliposahauliwa hasara yake haikulipika.

Tabia za Dhahabu

Dhahabu ina tabia zake ambazo hazipatikani zote kwa pamoja katika kitu kingine. Ya kwanza ni rangi isiyogeuka. Dhahabu haishiki kutu, hata ikikaa ardhini miaka elfu, na rangi yake ni ile ile juani na kivulini. Ulanga, unaopatikana katika mchanga wa mito mingi, humetameta juani na kufifia kivulini. Tena vipande vyake ni vyepesi, na mchimbaji anapozungusha karai, maji huvichukua, ilhali chembe ya dhahabu hubaki chini.

Tabia ya pili ni ulaini. Kuna jiwe la chuma na salfa liitwalo pairaiti, ambalo limewadanganya watu wengi kiasi cha kuitwa dhahabu ya wajinga. Jiwe hilo likigongwa kwa nyundo huvunjika vipande vipande, na mara nyingine hutoa cheche. Dhahabu haivunjiki, hutandazika. Gramu moja yake yaweza kufuliwa hadi ikawa utando mwembamba unaokaribia meta moja ya mraba. Tabia ya tatu ni alama inayoachwa. Dhahabu ikisuguliwa juu ya kigae cheupe kisichong'arishwa huacha mstari wa manjano. Pairaiti huacha mstari mweusi wenye ukijani, ingawa kwa macho ilikuwa ya manjano.

Tabia ya nne ni uzito, na hapa mwanafunzi aweza kujifanyia hesabu mwenyewe. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19.3 ya uzito wa maji ya ujazo huo huo. Pairaiti ni kama mara 5, shaba ya manjano ni mara 8 na nusu hivi, na risasi ni mara 11.3. Basi chukua kitu chenye uzito wa gramu 58, kitumbukize katika chombo cha maji chenye alama za vipimo, utazame maji yamepanda kiasi gani. Ikiwa ni dhahabu safi, yatapanda sentimita 3 tu za ujazo. Ikiwa ni risasi iliyopakwa rangi, yatapanda 5; ikiwa ni shaba ya manjano, karibu 7; na ikiwa ni pairaiti, zaidi ya 11. Lakini tukumbuke kwamba dhahabu ya ardhini aghalabu imechanganyika na fedha, kwa hiyo uzito wake hupungua kidogo, na anayetafuta 19.3 kamili aweza kuitupa dhahabu ya kweli.

Masonara wana njia nyingine ya kale sana. Huisugua dhahabu juu ya jiwe jeusi laini, kisha kando yake husugua dhahabu nyingine ambayo usafi wake unajulikana, wakailinganisha mistari miwili hiyo. Baadaye hudondosha tindikali: mstari wa shaba hutoweka, wa dhahabu hubaki. Tindikali ya naitriki peke yake haiwezi kuiyeyusha dhahabu. Huyeyuka katika mchanganyiko wa tindikali hiyo na ya haidrokloriki. Usafi wenyewe hupimwa kwa karati, na karati 24 ndio ukamilifu. Pambo la karati 18 lina sehemu 18 za dhahabu katika sehemu 24, yaani robo tatu. Na anayetaka hukumu ya mwisho huipeleka motoni. Huyeyushwa pamoja na risasi katika kikombe cha majivu ya mifupa, nacho kikombe huinywa risasi pamoja na takataka zote, kikaacha tone la dhahabu na fedha.

Siku hizi wako watafutaji wanaotumia mashine ziitwazo ditekta, zinazolia zinapopita juu ya metali iliyofukiwa. Wengi hudhani mashine hiyo huitambua dhahabu. La hasha. Hulia kwa msumari, kwa kizibo cha chupa, kwa ganda la risasi ya bunduki, na hata ardhi yenye chuma kingi huihadaa. Chembe zilizo ndogo mno huzipita kimya. Mashine husema, "Hapa pana kitu." Kitu gani, ni kazi ya binadamu kujua.

Hapa ndipo tunapofika penye njia panda. Majaribio haya yote, ya nyundo, ya kusugua, ya tindikali na ya moto, yanafaa kwa chembe iliyotoka mtoni au mwambani. Lakini kitu kilichofuliwa, kuchongwa au kupigwa chapa na mkono wa mtu wa kale kikijaribiwa namna hiyo, kitatoa jibu la swali la kwanza, na papo hapo kitapotea kwa swali la pili.

Dhahabu ya Sofala na Kilwa

Pwani yetu iliijua dhahabu zamani sana. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii mwanzoni mwa karne ya kumi, aliandika juu ya Sofala kuwa ni nchi ya dhahabu nyingi. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliuhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, akasimuliwa habari za vumbi la dhahabu linaloletwa Sofala kutoka bara.

Ni vyema tuseme wazi kwamba dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka katika nyanda za juu kati ya mito Zambezi na Limpopo, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kwa jasho la mababu wa Washona. Wao walichimba mashimo membamba, wakaupasua mwamba kwa moto na maji, wakausaga na kuuosha. Wengine walichekecha mchanga wa mito. Vumbi lililopatikana lilihifadhiwa katika mirija ya manyoya ya ndege, likateremshwa hadi Sofala, iliyo katika Msumbiji ya leo, na kutoka huko majahazi yakalileta Kilwa. Huko lilipimwa kwa mithkali, ambayo ni kama gramu nne na robo. Nguo, shanga na vyombo vya kauri kutoka Bara Hindi, Uajemi na Uchina vilirudi bara kwa njia hiyo hiyo.

Ushahidi wa uhusiano huu hautegemei maneno ya wasafiri peke yake. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu ilipatikana sarafu ya shaba ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetawala wakati wa ziara ya Ibn Battuta na ambaye jumba lake la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100, magofu yake yangali yamesimama juu ya jabali la Kilwa Kisiwani. Sarafu moja ya shaba, isiyoweza kununua hata kilo ya unga leo, imeuunganisha mji wa bahari na mji wa mawe wa bara kwa nguvu kuliko kurasa nyingi za hoja.

Sarafu hizo zina jambo moja ambalo, kwa kuwa tunapenda ushairi, hatuwezi kulipita bila kulitaja. Maneno yaliyoandikwa upande mmoja hupatana kwa kina na maneno ya upande wa pili. Upande mmoja hueleza kuwa mtawala anamtegemea Mola, na upande wa pili hutaja jina lake, na miisho miwili hiyo huitikiana kama vipande vya ubeti. Basi yule mchuuzi aliyeipokea sarafu sokoni Kilwa alikuwa ameshika shairi fupi kiganjani. Sarafu za Kilwa zinazojulikana ni za shaba kwa wingi wake. Hata hivyo, mwaka 1991 zilichapishwa habari za sarafu 3 za dhahabu zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Na kule Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta akiba iliyofukiwa katika karne ya kumi na moja: sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizopigwa kwa majina ya watawala wa huku huku pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi. Kama akiba hiyo ingeangukia mikononi mwa mtu mwenye tanuri, leo tungekuwa na kipande cha fedha, na tusingejua kwamba miaka 900 iliyopita Waswahili walipiga sarafu zao wenyewe.

Dhahabu Iliyobadilishwa Sura

Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu za kivita, akamlazimisha mtawala wake, Ibrahim, kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Dhahabu iliyochukuliwa, mithkali 1,500, yaani zaidi kidogo ya kilo sita, ilipelekwa Lisbon. Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha ibada cha kanisa, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 1506. Chombo hicho, kazi ya sonara Gil Vicente, kinahifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Lisbon, na watu hukisifu kuwa ni fahari ya usonara wa Kireno. Wakati kilipokamilika, Kilwa yenyewe ilikuwa imekwisha kushambuliwa na kuporwa na Francisco de Almeida mwaka 1505.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Tumejuaje kwamba dhahabu ile ni ya Kilwa? Si kwa rangi, si kwa uzito, wala si kwa tindikali. Tumejua kwa kuwa maandishi ya Wareno wenyewe yalisema hivyo. Dhahabu ikisha kuyeyushwa husahau ilikotoka, na mwenye kalamu ndiye huikumbuka kwa niaba yake.

Mahali pengine hapakuwa na kalamu ya kukumbuka. Mwaka 1895, baada ya Waingereza kuiteka nchi ya Zimbabwe na kuiita Rhodesia, iliundwa kampuni iliyopewa kibali cha kusaka dhahabu katika magofu ya kale ya nchi hiyo. Watu wake walifukua makaburi, wakachukua shanga, bangili na nyuzi za dhahabu za marehemu, wakaziyeyusha na kuziuza kwa uzito. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 1900, na sheria ya kuyalinda magofu ikapitishwa mwaka 1902, baada ya maji kumwagika.

Hasara yake haikuwa ya mali tu. Katika miaka hiyo hiyo wakoloni walikuwa wakitangaza kwamba Zimbabwe Kuu haikuweza kujengwa na Waafrika. Ati ni kazi ya Wafoinike, au ya malkia wa Sheba. Vitu vilivyoyeyushwa vilikuwa mashahidi katika kesi hiyo. Namna shanga ilivyotobolewa, kina ilimolala, vyungu vilivyokuwa kando yake, yote yangesema mwenyewe ni nani. David Randall-MacIver mwaka 1905, na baadaye Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walithibitisha kwa mabaki yaliyosalia kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Lakini uongo ule uliendelea kufundishwa chini ya utawala wa walowezi hadi uhuru wa mwaka 1980, nao ulisaidiwa na moto wa tanuri.

Tuseme pia habari ya kinyume. Mwishoni mwa mwaka 1932 watu kadhaa walipanda kilima cha Mapungubwe, kusini mwa mto Limpopo, wakakuta makaburi ya watawala wa karne ya kumi na tatu. Waligawana dhahabu waliyoipata. Lakini mmoja wao, kijana aliyekuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha Pretoria, hakuweza kunyamaza. Alimwarifu mwalimu wake wa zamani, na vitu vile vikakusanywa. Miongoni mwake alikuwamo kifaru mdogo wa bamba jembamba la dhahabu, lililofunikwa juu ya umbo la mti kwa vijimisumari vidogo. Laiti angepimwa mizanini, angeonekana kitu kidogo, maana ndani yake mlikuwa na mti tu. Leo ni fahari ya Afrika Kusini nzima, na aliyemwokoa ni mwanafunzi aliyekumbuka alichofundishwa.

Sarafu Zisizo za Dhahabu

Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, akiwa zamu katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu 9 mchangani. Hazikuwa dhahabu. Aliziweka katika kopo, na mwaka 1979 ndipo alipozipeleka kwa wataalamu. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za shaba, nazo ni za Kilwa. Namna zilivyovuka Bahari ya Hindi hadi huko bado inabishaniwa. Lakini mtu yule alikuwa amefanya jambo moja la busara: alitia alama katika ramani mahali alipoziokota. Kwa sababu ya alama ile, vishaba vitano vimekuwa swali la historia ya mabara mawili.

Sisi wenyewe hatukuwa na busara hiyo. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa karani kijana katika ofisi moja ya umma huko pwani ya kusini, alitujia mzee mmoja mkulima, amebeba kifurushi cha kitambaa. Baada ya shikamoo na marahaba alikifungua juu ya meza. Mlikuwa na mawe ya manjano, na kati yake kijisarafu chembamba chenye ukijani, kilichoandikwa pande mbili. "Mwanangu," alisema, "wewe umesoma. Nitazamie, hii ni dhahabu?" Tuliyagonga mawe, yakavunjika. Tulikikwaruza kile kijisarafu kwa ncha ya kisu, ikatokea shaba nyekundu. Tukamjibu kwa fahari ya ujuzi wetu, "Hapana, mzee wangu. Hakuna dhahabu hapa." Alishukuru, akafunga kitambaa chake, akaenda zake. Hatukumwuliza alikiokota wapi. Hatukumwuliza kama palikuwa na vingine, wala hatukuandika jina la shamba lake. Ilipita miaka hadi tulipoiona picha ya sarafu za Kilwa kitabuni, tukaufahamu mkwaruzo wa kisu chetu. Tuliporudi kumwulizia, mzee alikuwa amekwisha kufariki, na wanawe hawakujua tunazungumzia nini. Tulikuwa tumelijibu swali la kwanza sawasawa, na la pili halikutupitia akilini.

Wajibu Wetu

Nchi yetu ina dhahabu yake, tena nyingi. Mgodi wa Sekenke ulianza mwaka 1909 wakati wa Wajerumani. Lupa, Chunya, iliwavuta watafutaji tangu mwaka 1922. Geita ilichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa ukafunguliwa huko tena mwaka 2000. Tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini mikoani, ambamo mchimbaji mdogo hupimiwa dhahabu yake hadharani. Hili ni jema, maana asiyejua kupima hupimiwa na mwingine, na historia ya Kilwa imetuonyesha mizani ya mgeni mwenye mizinga.

Lakini kitu kilichofanywa kwa mikono ya watu wa kale hakina soko la namna hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vyote vya kuhamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, viwe vya dhahabu au vya udongo. Tungependa walimu wailezee sheria hiyo kwa wanafunzi wao kwa sababu zake, si kwa adhabu zake. Na tungependa kila mwanafunzi akumbuke mafunzo haya mepesi: akiokota jiwe, alijaribu kwa rangi, kwa kigae, kwa nyundo na kwa maji, wala asiridhike na jaribio moja. Akiokota kitu kilichotengenezwa, asikisugue, asikioshe kwa tindikali, asikikwaruze. Akiache mahali pake kama aweza. Apatie alama mahali hapo, aandike siku na jina la kijiji, kisha awaarifu mwalimu wake na watu wa makumbusho au wa mambo ya kale.

Dhahabu yenyewe ina namna nyingi za kujitetea. Haishiki kutu, haishindwi na tindikali ya kawaida, na motoni hutoka safi kuliko ilivyoingia. Ushuhuda wa mababu hauna kinga hata moja ya hizo. Hutegemea kwamba mtu aliyeinama na kuokota, kabla hajauliza bei, atauliza kwanza: kimetoka wapi?